"Asili" sio kinyume cha "dawa"

Wiki hii tena nimesikia mtu anasema mbwa wake ana kolesteroli ya juu ila "hatumii dawa, anatumia vitu vya asili tu". Naomba tulizungumze hili maana linanikera muda mrefu.

Kwa kifupi, saplimenti ni kitu cha kuongezea kwenye chakula, dawa imepimwa na kuidhinishwa kutibu ugonjwa fulani kwa dozi inayojulikana. Basi.

Asili tumelichukua kwa Waarabu, asl, yaani mzizi, chimbuko, kwa hiyo linakuambia kitu kimetoka wapi. Dawa nalo limetoka hukohuko lakini linakuambia kitu kinafanya kazi gani mwilini, na hakuna kinachozuia kitu kimoja kuwa vyote viwili. Angalia statini zenyewe, zile dawa za kushusha kolesteroli: Akira Endo, Mjapani, aliipata ya kwanza miaka ya 1970 kwenye ukungu, ukungu kabisa huu unaoota kwenye vitu, akajaribu kwa panya kolesteroli haikushuka, akaja kwa kuku wa mayai ikashuka, halafu kwa mbwa pia. Lovastatini, statini nyingine, nayo ikatoka kwenye ukungu, Marekani wakaiidhinisha 1987. Sasa ule mchele mwekundu wa Kichina uliochachushwa, unaouzwa kwenye makopo kama saplimenti, una kitu kinaitwa monakolini K, na monakolini K ndo lovastatini ileile, molekuli moja! Ila kwenye kidonge unajua ni miligramu ngapi, kwenye unga wa mchele hujui, na kopo la leo laweza lisilingane na la mwezi ujao.

Halafu kwa mbwa kolesteroli mara nyingi inapandishwa na ugonjwa mwingine, thairoidi (tezi ya shingoni) iliyolegea, kisukari, au homoni ya kotisoli kuzidi, mbwa wa thairoidi akipewa homoni anayokosa kolesteroli nayo kwa kawaida inashuka. Mafuta ya samaki mavet (madaktari wa wanyama) wenyewe wanayatumia, sina ugomvi nayo, ila kazi yake kubwa ni kushusha traigliseridi, ambayo ni mafuta mengine kabisa kwenye damu.

Kwa hiyo ndugu yangu, vet akikuuliza mbwa anatumia dawa gani usimjibu "hakuna". Mtajie na huo unga wa mchele, unampa kijiko kingapi na tangu lini, na kopo lenyewe nenda nalo asome.