Kipimo cha sukari ya mimba: yanayosemwa Bukavu na ukweli wake

Kwenye benchi za CPN (kliniki ya wajawazito), iwe Kadutu, Ibanda au Bagira, maneno kuhusu kipimo cha sukari hayaishi. Mengine ni ya akina mama wenyewe, mengine kwa bahati mbaya yanatoka labo. Tumeyachukua yale yanayodhuru zaidi. Viwango vyote hapa ni vya plazma (maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe) ya damu ya mshipa, kwa mg/dl.

"Mkojo wangu hauna sukari, basi sina kisukari."

Si kweli. Figo za mjamzito huachilia sukari kwa urahisi kuliko kawaida, kwa hiyo mwanamke asiye na kisukari anaweza kuwa na sukari kwenye mkojo. Naye mgonjwa, ambaye sukari yake hupanda baada ya kula tu, akileta mkojo wa alfajiri unatoka safi. Usingoje dalili pia: kiu na kwenda haja ndogo kila mara ni mambo ya mimba yoyote.

"Kumpima kidole kunatosha."

Mashine ya kidole imetengenezwa kumfuatilia mtu ambaye ugonjwa wake tayari unajulikana. Kanuni ya kimataifa ya mashine hizo inaruhusu kosa la 15 juu au chini pale sukari inapokuwa chini ya 100. Maana yake, mama mwenye 92 ya kweli anaweza kusomwa 77 au 107, na mashine bado ikahesabiwa nzuri. Mwenye upungufu wa damu husomwa juu kuliko alivyo, na upungufu wa damu kwa wajawazito wetu si jambo la nadra.

"HbA1c ni bora, maana haihitaji kufunga."

Hii inawavutia hata wataalamu. HbA1c hupima sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Basi chochote kinachobadilisha umri wa chembe hizo kinabadilisha jibu. Mimba yenyewe inaharakisha kuzaliwa kwa chembe mpya, na jibu linashuka. Malaria inayovunja chembe inalishusha pia, na selimundu vilevile. Upungufu wa madini ya chuma unalipandisha, kisha vidonge vya chuma vinalishusha tena. Mama mmoja anaweza kuwa na mambo matatu kati ya hayo kwa wakati mmoja, na hakuna hesabu ya kuyatenganisha. HbA1c ina kazi mwanzoni mwa mimba: 6.5% au zaidi inaonyesha kisukari kilichokuwepo kabla. Kwenye wiki ya 24 hadi 28 haichukui nafasi ya kipimo cha kunywa glukosi, ambapo damu hutolewa kabla ya kunywa, baada ya saa moja na baada ya saa mbili.

"Glukosi ikikosekana, sukari ya dukani au sukre (soda) inafaa."

Nusu ya sukari ya dukani ni glukosi, nusu nyingine ni fruktosi. Ukimpa gramu 75 za sukari hiyo umempa karibu nusu ya dozi, na jibu litakudanganya. Kinachotakiwa ni gramu 75 za glukosi kavu. Soma lebo: ikiwa ni glukosi monohidrati, pima gramu 82.5, kwa sababu sehemu ya uzito ni maji. Ichanganye na maji mililita 250 hadi 300, mama anywe kwa dakika tano, na saa ianze kuhesabiwa kwenye funda la kwanza. Awe amefunga kwa muda wa saa 8 hadi 14 (maji anaruhusiwa), na siku tatu kabla ale chakula chake cha kawaida. Anayejinyima bugali ili kipimo kitoke vizuri hupata kinyume chake: mwili uliozoea kukosa wanga hushindwa kuikabili glukosi. Akitapika, anarudia siku nyingine.

Tena akae chini. Kwenye mji huu wa milima, mama anayeshuka sokoni kati ya damu ya kwanza na ya mwisho, kisha akapanda tena, ametumia misuli yake kuishusha sukari tuliyotaka kuipima.

"Damu ikiwa kwenye kichupa, inaweza kungoja."

Hapa ndipo ugonjwa unapotupotea mikononi. Chembe za damu ziko hai ndani ya kichupa na zinaendelea kula sukari, 5 hadi 7% kila saa kwenye joto la chumba. Mama aliyekuwa na 94 kabla ya kula, damu yake ikingoja saa mbili kwa sababu umeme umekatika, itasomwa kama 83. Ataambiwa ni mzima. Kifuniko cha kijivu chenye floridi hakiokoi peke yake, maana floridi huchukua saa kadhaa kuzuia kabisa. Kichupa kiingie mara moja kwenye barafu yenye maji, na plazma itenganishwe ndani ya dakika 30. Kama mashine ya kuzungusha damu haina umeme wa uhakika asubuhi hiyo, ni heri kuahirisha.

"91 ni mzima, 93 ni mgonjwa."

Utafiti wa HAPO, uliotolewa mwaka 2008 kwa wanawake zaidi ya 23,000, ulionyesha hatari ikipanda polepole pamoja na sukari, bila ngazi. Vikomo vya leo ni makubaliano: 92 kabla ya kula, 180 baada ya saa moja, 153 baada ya saa mbili. Kimoja kikifikiwa kinatosha kusema ana kisukari cha mimba. Ila 126 kabla ya kula, au 200 baada ya saa mbili, ni kisukari cha kawaida kilichokutwa kwenye mimba.

"Kipimo kipya cha damu kinakamata wengi, basi ni kizuri."

Uliza kinatisha wangapi bure. Tuseme wajawazito 1,000, wagonjwa 100. Kipimo kinakamata 80 kati yao, lakini kinawashika pia 15% ya wazima 900, yaani 135. Kati ya 215 walioambiwa wana tatizo, 80 tu ndio wagonjwa. Na 20 wamerudishwa nyumbani na ugonjwa wao. Ili kuzijua namba hizi, kila mama lazima apimwe vipimo vyote viwili, hicho kipya na cha kunywa glukosi, hata yule ambaye kipimo kipya kimesema hana kitu. Ukiwapeleka kwenye glukosi walioshikwa peke yao, wale 20 hutawaona kamwe, na kipimo kitaonekana hakikosei.

"Mtoto akizaliwa, yameisha."

Mama arudie kipimo cha gramu 75 za glukosi wiki ya 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Mtoto ana chanjo wiki ya 6 na ya 10. Mama aje asubuhi hiyohiyo bila kula.