Chicago si ushahidi kwamba sheria za bunduki ni bure

Mjadala wa bunduki ukipamba moto Marekani, hakosi mtu wa kuitaja Chicago: sheria kali kuliko kwingine, mauaji kila wikendi, basi sheria hazisaidii. Anayesema hivyo anaisimulia Chicago ya zamani. Marufuku ya bastola ya mwaka 1982 ilikufa baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu mwaka 2010, na tangu 2013 sheria ya Illinois, jimbo lenye Chicago, inawaruhusu raia wenye kibali kutembea na bastola iliyofichwa.

Kubwa zaidi ni mpaka. Indiana, jimbo jirani lenye sheria legevu, iko mwendo mfupi tu kwa gari. Ripoti ya jiji ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa takriban asilimia 60 ya bunduki za uhalifu zilizofuatiliwa zilinunuliwa awali nje ya Illinois, Indiana ikiongoza. Sheria ya jiji moja itazuiaje hilo?

Tena, ukigawanya mauaji kwa idadi ya watu, St. Louis na New Orleans zimeipita Chicago kwa miaka mingi, ingawa majimbo yake, Missouri na Louisiana, hayajulikani kwa ukali wa sheria za bunduki. Umaskini na magenge navyo vimo miongoni mwa sababu za mauaji.