Kisu cha kukunja hakitaki mafuta ya kupikia

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya Lamu: paka mafuta ya kupikia kwenye bawaba ya kisu cha kukunja, hakitashika kutu wala kukwama maisha. Tafadhali usiusambaze.

Mafuta ya alizeti yakikaa hewani hubadilika polepole, yakawa gundi ya manjano. Gundi hiyo hunasa mchanga, na mchanga ndio unaosaga bawaba. Hakikisha mwenyewe: dondosha tone la alizeti na tone la mafuta ya cherehani kwenye kigae, uyaache juani wiki kadhaa, kisha uguse. La alizeti litanata kidoleni. La cherehani litateleza bado.

Kinachowachanganya watu nakielewa. Siku za mwanzo kisu hufunguka laini kweli. Tena kikaango cha chuma hulindwa kwa mafuta hayo hayo, yakagandishwa kwa moto. Ila kikaango hakina kiungo cha kuzunguka.

Hapa kwetu adui ni chumvi ya bahari, hata kwa chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu. Ukitoka kuvua, kisuuze kisu kwa maji matamu, kikauke kikiwa wazi, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Bapa lifute vizuri kabla ya kukatia chakula.