Haisi iliyopata ajali: pima breki na umeme kabla ya kupiga rangi

Mwenye gari akienda kuchukua Haisi yake kwa fundi bodi, kwanza anatazama rangi. Anaizunguka, anapapasa milango, anainama kuona kama bampa limekaa sawa. Anapowasha, dashibodi inabaki na taa zisizozimika: ABS (mfumo unaozuia matairi kujifunga ukikanyaga breki), eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga watu), na ile nyekundu ya breki. Anaambiwa zitazima zenyewe akishatembea. Hazizimi, na abiria wanaendelea kupakiwa.

Sisi tunaofundisha ufundi wa magari hapa Mbeya tunaona kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Bodi inanyooshwa, inapigwa puti na rangi, kisha fundi umeme na fundi breki wanaitwa mwisho, hela ikiwa imeisha. Wao ndio wanaopaswa kutangulia, hasa kwa gari litakalopanda na kushuka Iwambi, Mlima Nyoka au Kitonga. Na ukaguzi unaofanywa na polisi baada ya ajali usichukuliwe kuwa ndio upimaji wa matengenezo, maana hizo ni kazi mbili tofauti.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa kichwa hasi cha betri na usubiri angalau sekunde 90. Mfumo wa eabegi huhifadhi umeme kidogo hata betri ikiwa imetolewa, na umeme huo unatosha kuifyatua usoni mwa fundi. Soketi zake huwa za njano. Usizipime kwa mita kwenye kipimo cha ohm. Betri ibaki imechomolewa pia wakati wa kuchomelea, la sivyo welding inaweza kuua kompyuta ya gari ambayo ajali yenyewe iliiacha nzima.

Sasa breki. Haisi haina boneti ndefu. Dereva amekaa karibu juu ya matairi ya mbele, kwa hiyo pigo la mbele halina safari ndefu kufika kwenye pedali, masta silinda (inayosukuma mafuta ya breki) na paipu. Kanyaga pedali injini ikiwa imezimwa, usikilize kwa mguu. Ikibonyea kama sponji, kuna upepo ndani ya mfumo. Ikishuka polepole hadi chini wakati umeikandamiza tu, mafuta yanavuja mahali, au mipira ya masta silinda inapitisha kwa ndani. Hiyo ya pili inawachanganya wengi, kwa sababu chini ya gari huoni hata tone.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, elekea kwenye buusta, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako kwenye breki. Ikanyage mara kadhaa injini ikiwa imezimwa mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, buusta haipati vakyumu (mvuto wa hewa iliyonyonywa) au imetoboka. Kwenye injini za dizeli za Toyota kama 3L na 5L, pampu ya vakyumu imefungwa nyuma ya alteneta. Ajali iliyosukuma alteneta au kupasua mpira wake wa vakyumu inakuachia malalamiko mawili, betri haichaji na breki ni ngumu, na mafundi wawili wanaweza kuyatibu tofauti kumbe chanzo ni kimoja.

Hapa nyanda za juu kuna jambo la ziada. Buusta hufanya kazi kwa tofauti kati ya mgandamizo wa hewa ya nje na vakyumu ya ndani. Kwenye mita 1,700 hivi, ambako Mbeya mjini ipo, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Msaada wa buusta nao unapungua. Buusta iliyochoka kidogo ambayo dereva wa pwani asingeigundua, huku inajitokeza mteremkoni ukiwa na abiria kumi na wanne na viroba vya viazi.

Paipu zifuatwe kwa mkono na tochi kuanzia masta silinda hadi kila tairi. Ile iliyopondwa lakini haivuji ni mbaya zaidi ya inayovuja, kwa sababu inaweza kupitisha mafuta ukikanyaga na kuchelewa kuyarudisha ukiachia, tairi likabaki limeshikwa. Iliyoharibika ibadilishwe nzima. Mtindo wa kukunja paipu ya tairi moja ili gari "lifike tu nyumbani" sikubaliani nao hata kidogo. Breki zinavuta upande mmoja, na dereva anaanza kuilaumu stelingi. Haisi nyingi zisizo na ABS zina pia vali karibu na ekseli ya nyuma inayopunguza au kuongeza nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo. Mkono wake ukipinda kwa kugongwa nyuma, au springi zikiongezwa, vali hiyo inadanganyika.

Mafuta ya breki yabadilishwe yote kama chupa yake ilipasuka au ilikaa wazi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi joto 205, lakini yakinyonya maji kufikia asilimia 3.7 yanaweza kuchemka kwenye 140. Gari lililolala uwanjani mwezi mzima wa mvua za Tukuyu limenyonya kiasi gani, hakuna anayejua kwa kulitazama.

Kwenye umeme, anza na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Fundi bodi hupaka puti na rangi hadi chini ya bolti inayoshika waya wa ethi, na hapo gari linapata ugonjwa ambao haukuletwa na ajali. Dalili yake ya kawaida: ukikanyaga breki, indiketa inawaka kwa mbali au taa za nyuma zinafifia. Watu wananunua balbu, kisha swichi ya breki. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye bodi, washa taa kubwa na feni. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, kwangua rangi na ufunge upya. Betri iliyojaa na kupumzika isome kama volti 12.6, na injini ikiwa inaunguruma isome kati ya 13.5 na 14.5.

Kompyuta ya kupimia nayo isiabudiwe. Kwa Toyota, msimbo wa hitilafu C0200 unaelekeza kwenye sensa ya mwendo ya tairi la mbele kulia, C0205 kushoto. Unakwambia pa kutazama. Haujasema ununue sensa. Angalia kwanza waya uliokatika ndani ya ganda lake kwenye tao la tairi, soketi yenye maji, au habu (kitovu cha tairi) iliyopinda ikaacha pengo kubwa kati yake na sensa. Kufuta msimbo bila kutafuta chanzo ni kuizima taa tu, na mara nyingi inarudi kabla hujafika Uyole.

Jaribio la barabarani lifanyike mahali tambarare, mwendo mdogo, hendibreki ikiwa imeshahakikiwa. Simamisha mara kadhaa, kisha sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Matairi ya ekseli moja yawe na joto linalokaribiana. Baada ya hapo pakia mzigo wa kawaida na urudie, kwa sababu breki iliyopimwa gari likiwa tupu imepimwa nusu.