Je, wajua kwa nini gesi ya haradali humchoma mtu baada ya saa nyingi?

Mwezi Juni unapoingia na mikorosho ya Tandahimba na Newala kuanza kuchanua, wakulima huamka usiku ungali mzito, wakajitwika mashine mgongoni na kwenda kupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Kazi hiyo hufanywa alfajiri kwa sababu mbili ambazo kila mwenye shamba anazijua: upepo unakuwa bado umelala, na umande ulio juu ya maua huushika unga usianguke. Jua likishapanda, wingu lile la njano hupeperuka na kwenda kuitibu mikorosho ya jirani. Ni katika shamba la namna hiyo ndipo mzee mmoja, akijifuta macho yaliyokuwa mekundu kwa kuwashwa, aliponiuliza swali lililozaa makala haya. Mjukuu wake alikuwa ameambiwa shuleni kwamba Wajerumani waliwahi kuwaunguza watu vitani kwa sumu yenye salfa. "Mwanangu," alisema, "ndiyo salfa hii hii tunayoivuta hapa?"

Siyo hii, ingawa swali lake lina msingi. Sumu aliyosimuliwa mjukuu huitwa gesi ya haradali, na kila molekuli yake ina atomu moja ya salfa iliyofungamana na atomu za kaboni, hidrojeni na klorini. Katika kemia, kufungamana ndiko kunakobadili tabia. Klorini ikiwa peke yake ni gesi inayoua, lakini ikiwa ndani ya chumvi tunaila na samaki kila siku. Vivyo hivyo, salfa ya mikorosho ni salfa tupu: inawasha macho, inakereketa koo, na haifai kuvutwa bila barakoa, lakini haimbabui mtu ngozi wala haiingii kuvuruga seli zake. Tena inajitangaza yenyewe. Mkulima akizidiwa hukohoa, akaweka mashine chini na kusogea pembeni.

Gesi ya haradali haijitangazi. Hata jina lake linapotosha mara mbili, kwa kuwa haina haradali ndani yake na wala si gesi. Ni kimiminika kizito mfano wa mafuta, ambacho kikiwa safi hakina rangi, na kikiwa na uchafu huwa cha manjano au kahawia. Jina lilitokana na harufu, ambayo wengine waliilinganisha na haradali na wengine na kitunguu saumu. Huchemka kwenye nyuzi joto zipatazo 217 na huganda kwenye nyuzi 14 hivi, maana yake ni kwamba katika joto la pwani ya Mtwara isingeganda hata usiku wa Julai, bali ingekaa ardhini ikitoa mvuke taratibu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara tano, kwa hiyo hushuka na kutuama mabondeni, mashimoni na mahandakini, hasa usiku na alfajiri wakati hewa imetulia. Waliorusha sumu hizi vitani waliujua utulivu huo wa alfajiri kama anavyoujua mpulizaji wa salfa.

Wenyeji wa Kusini wana mfano wa karibu wa namna inavyoumiza, nao umo katika ganda la korosho. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anayajua mafuta yale meusi yanayotoka kwenye ganda: yakigusa kidole, ngozi hubadilika rangi, hufanya malengelenge, kisha hubanduka. Ndiyo sababu wabanguaji hujipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuanza kazi, na mtoto aliyeing'ata korosho mbichi na ganda lake hairudii. Gesi ya haradali imo katika kundi hilo la kemikali za malengelenge, isipokuwa nguvu yake haina mfano jikoni wala kiwandani, na madhara yake hayaishii kwenye ngozi.

Kuchelewa kwake kuna maelezo. Tone likitua juu ya ngozi, mtu hasikii maumivu yoyote, kwa sababu sumu haishughuliki kwanza na neva za maumivu. Inapenya ngozini katika muda wa dakika chache, na ikishaingia kwenye maji ya mwili hubadilika umbo na kuwa kitu kinachonata, ambacho hung'ang'ania vinasaba vilivyo ndani ya seli. Vinasaba hivyo ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba ya mkonge, na seli inapotaka kujigawa sharti nyuzi ziachane kwanza. Gesi ya haradali huzishona pamoja. Seli inaendelea kuishi kwa muda kana kwamba hakuna kilichotokea, halafu inashindwa kujigawa, inakufa, na tishu za jirani zinavimba. Ndipo mtu anapoanza kuumwa, baada ya saa 2 hadi 24 tangu alipoguswa.

Macho hutangulia: huwasha kama yaliyoingia mchanga, yakavimba hadi yakafumba. Kisha ngozi huwa nyekundu na kupandisha malengelenge makubwa ya majimaji, zaidi sehemu zenye joto na jasho kama makwapa na kinena. Aliyevuta mvuke hupoteza sauti, akakohoa, na ndani ya njia yake ya hewa utando hubanduka. Kwa aliyepata kiasi kikubwa, siku chache baadaye uboho unashindwa kutengeneza chembe nyeupe za damu, naye anaandamwa na maambukizi asiyoweza kupambana nayo. Mpaka leo haijapatikana dawa ya kuizimua. Kinachosaidia ni kuvua nguo na kuosha ngozi ndani ya dakika moja au mbili, jambo gumu kwa mtu ambaye hajui kama ameguswa. Akiijua hali yake jioni, kuosha kutawakinga wanaomhudumia, lakini kwake yeye madhara yameshatokea.

Tabia hiyo ya kuunguza ngozi haikugunduliwa vitani. Mwaka 1860 mwanakemia Mwingereza Frederick Guthrie aliieleza katika maabara. Ilikaa huko zaidi ya nusu karne, hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipokwama kwenye mahandaki ya Ulaya. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani walifungua maelfu ya mitungi ya klorini na kuuachia upepo kazi iliyobaki. Miongoni mwa waliofikiwa na wingu lile walikuwamo wanajeshi wa Ufaransa kutoka Algeria. Majeshi yakajibu kwa kuvaa barakoa, na kadiri barakoa zilivyoboreshwa, klorini ilipungua makali. Hapo ndipo ikatafutwa sumu ambayo barakoa peke yake haiizuii, na usiku wa tarehe 12 Julai 1917, huko huko Ypres, yakaanguka makombora yenye gesi ya haradali. Wengi walinusa kidogo, wakaona si kitu, wakalala. Usiku wakaamka hawaoni.

Walioguswa na sumu hii hawakufa wote, wala hawakufa wengi. Katika vita ile inakadiriwa kuwa chini ya watu 5 katika kila 100 walioathirika nayo ndio waliofariki. Nathubutu kusema kwamba hilo lilikuwa sehemu ya mvuto wake kwa makamanda, kwani maiti huzikwa, ilhali mtu aliyepofuka na kubabuka anahitaji wabebaji, kitanda, bandeji na miezi ya uangalizi. Miezi mitatu baada ya usiku ule, vita hiyo hiyo ilikuwa Lindi: kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Nyangao, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilipambana na la Waingereza, na Waafrika wa pande zote mbili waliangushwa kwa bunduki na bombomu, yaani bunduki za rashasha.

Lakini Afrika haikusalimika na sumu yenyewe. Katika miaka ya 1920 Hispania iliimwaga kutoka angani juu ya vijiji vya Waberberi wa Rif, kaskazini mwa Morocco. Tarehe 17 Juni 1925 mataifa yalitia saini Itifaki ya Geneva iliyokataza kutumia gesi za sumu vitani, ingawa haikukataza kuzitengeneza wala kuziweka ghalani, nayo Italia ikaiidhinisha. Miaka kumi baada ya saini, Italia hiyo hiyo ilipoivamia Ethiopia, ndege zake zilidondosha mabomu ya gesi ya haradali kuanzia Desemba 1935, kisha zikafungiwa vifaa vya kunyunyizia. Wapiganaji wengi wa Ethiopia walikuwa miguu peku, na walipopita kwenye majani yaliyolowa, nyayo zao zilibabuka. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa mjini Geneva na kueleza jinsi ndege zilivyopita kwa safu zikiacha ukungu uliotanda kama shuka moja, ukianguka juu ya watu, ng'ombe, mito na malisho. Alisikilizwa, na hakuna aliyemsaidia. Serikali ya Italia ilikuja kukiri rasmi mwaka 1996 kuwa gesi ilitumika.

Katika Vita Kuu ya Pili majeshi ya Ulaya yaliogopana, kila upande ukiwa na ghala lake. Hata hivyo tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari nchini Italia, na kati ya meli zilizozama ilikuwamo John Harvey ya Marekani, iliyobeba kwa siri mabomu 2,000 ya gesi hiyo. Mafuta ya sumu yakachanganyika na mafuta ya meli juu ya maji, mabaharia wakaogelea humo, na madaktari wakawafunika mablanketi bila kuwavua nguo kwa kuwa hawakuambiwa chochote. Zaidi ya 80 kati ya wanajeshi na mabaharia waliolazwa walifariki. Uchunguzi wa miili yao ulionyesha tena kwamba sumu huangamiza chembe nyeupe za damu, na ukatia nguvu utafiti uliokwisha kuanza Marekani mwaka 1942, wa kutibu saratani ya tezi za limfu kwa kemikali ya ukoo huo ambayo badala ya salfa ina nitrojeni. Kutokana na ukoo huo ilipatikana dawa ya saiklofosfamaidi, ambayo ndiyo hutumika kutibu saratani ya Burkitt inayowavimbisha mataya watoto wa Afrika Mashariki.

Iraki ilipoitumia gesi ya haradali dhidi ya Iran miaka ya 1980, ukiwamo mji wa Sardasht uliopigwa tarehe 28 Juni 1987, iliacha makumi ya maelfu ya watu ambao miaka mingi baadaye bado wana mapafu yaliyokakamaa na macho yanayofifia. Mkataba wa kupiga marufuku hata kuimiliki ulianza kazi tarehe 29 Aprili 1997, Tanzania ikajiunga mwaka 1998, na Julai 2023 shehena ya mwisho ya silaha za kemikali kati ya zile zilizotangazwa duniani iliteketezwa nchini Marekani.

Zilizotupwa baharini hazikuhesabiwa humo. Baada ya mwaka 1945 maelfu ya tani za silaha za kemikali za Ujerumani zilizamishwa katika Bahari ya Baltiki, karibu na kisiwa cha Bornholm, ambako baridi ya chini ya maji ni kali na gesi ya haradali imeganda kuwa mabonge kama udongo wa mfinyanzi. Wavuvi wa huko huyavuta kwenye nyavu pamoja na samaki. Bonge likifika juu ya sitaha na kupata joto huanza kulainika, na mvuvi aliyelishika kwa mkono mtupu akidhani ni tope haoni kitu mpaka usiku, akiwa amekwisha kurudi nyumbani.