Maji ya Kifuani: Kutolewa Siyo Kutibiwa

Malalamiko yanayotufikia kutoka Tandahimba, Newala na hata hapa Mtwara mjini yanafanana: mgonjwa alitolewa maji, akapata nafuu, baada ya wiki chache yakajaa tena, basi hospitali inatuchezea. Sisi wa hospitali tunaomba kufafanua.

Maji hayo hayamo ndani ya pafu. Yako kati ya matabaka mawili ya utando, moja limelivaa pafu, jingine limeshikana na ukuta wa kifua. Kwa mtu mwenye afya nafasi hiyo ina mililita chache tu. Yakizidi, pafu linabanwa, mgonjwa anachomwa ubavuni kila akivuta pumzi. Wengine hapo hukimbilia chale za kichomi. Anapoletwa kwetu, upande mzima umejaa.

Picha ya kifua (eksirei) huonyesha maji yakishafika kama mililita 200. Ultrasaundi huyaona hata yakiwa pungufu ya hapo, na hutuonyesha pa kuchoma. Kabla ya sindano, fomu ya ridhaa husainiwa. Anayesaini ni mgonjwa mwenyewe akiwa na akili timamu, siyo shemeji wala mwenyekiti wa kitongoji. Kisha huketi ameinamia meza, hupigwa ganzi, na sindano hupita juu ya ubavu, kwani mishipa imejificha chini yake. Kwa kawaida hatuvuki lita moja na nusu kwa mkupuo. Wanaodai "mmalizie yote" waelewe kwamba pafu likitanuka ghafla linaweza kuvimba kwa kujaa majimaji.

Sampuli huenda maabara, na hapo ndipo ndugu wengi humchukua mgonjwa wao wakaondoka. Protini kwenye maji hayo ikiwa kidogo tunatazama chanzo kwenye moyo, ini, figo. Ikiwa nyingi tunatafuta TB (kifua kikuu), nimonia au saratani. Usaha huhitaji bomba kifuani. Bila kutibu chanzo, maji yatarudi, nani alaumiwe?

Ndugu wengine hutuambia: "Makohozi yalipimwa, hana TB." Jibu hilo halitoshi. TB ya utando mara nyingi haionekani kwenye makohozi. Dawa zake hutolewa bure, kwa kawaida kwa miezi 6, na haziachwi kwa sababu homa imekata.

Kuhusu salfa, dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho, ambayo wengine huilaumu kwa maji haya, tumeshasema na tunarudia: vumbi lake huwasha njia ya hewa na kuleta kikohozi, hivyo barakoa ivaliwe. Lakini mwenye maji kifuani asiishie kuilaumu salfa, apimwe.

Wakati wa ufuatiliaji njoo na picha zote za awali. Iliyokunjwa mara nne chini ya godoro haisomeki vizuri. Baada ya matibabu utando unaweza kubaki mnene, ukaonekana kama kivuli kwa miaka. Tukiwa na picha ya zamani tunalinganisha, tunakuruhusu uende. Tusipokuwa nayo, huenda tukakurudisha kwenye ultrasaundi, pengine na sindano, kwa kovu ambalo lilishapona.