Mnunuzi yuko Ulaya, gari liko Sinza: yanayoaminika na yalivyo

Ukitangaza gari Instagram au kwenye magrupu ya magari ya WhatsApp hapa Dar, meseji zinazoingia zinajulikana. "Mwisho ngapi?" "Namba D au E?" "Injini imeshafunguliwa?" "Liko wapi nije na fundi?" Katikati yake inaingia moja yenye adabu kupita kiasi: "Habari yako ndugu. Nimependezwa na gari lako. Mimi niko nje ya nchi kikazi, bei yako nimeikubali. Wakala wangu atakuja kulichukua. Naomba jina kamili na benki yako nikutumie malipo leo." Hajauliza mafuta, hajauliza kama limewahi kugongwa, hajaomba upunguze hata laki. Mtu anayetoa milioni 20 bila kulia bei ni wa kumtazama mara mbili.

Mbinu za matapeli hawa hazina maajabu. Wanategemea tu mambo machache ambayo wauzaji wengi tunayaamini kuhusu wageni na kuhusu benki.

"Aliyeko Ulaya ana hela zake, hawezi kuhangaika kunitapeli mimi"

Kabla ya kujiuliza ana hela au hana, jiulize gari linakwenda wapi. Magari mengi tunayouziana mjini hapa yametoka Japani yakiwa yametumika, yakashushwa bandarini, yakalipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa juu yake. Bei ya IST yako imebeba kodi zote hizo. Sasa mtu wa Ujerumani ananunua gari lililokwisha kulipiwa kodi za Tanzania, analipia meli, analipa kodi tena kwao, halafu analiendesha likiwa na usukani wa kulia kwenye nchi inayopita upande wa kulia wa barabara. Kwa faida ipi?

Na kuna nchi ambazo hata akitaka hawezi. Marekani, gari lisilotengenezwa kwa viwango vyao huruhusiwa kuingia kirahisi likishatimiza miaka 25. Canada ni miaka 15. Hapo jirani Kenya, gari lililotumika likizidi miaka 8 kwa kawaida halipokelewi, kwa hiyo "mfanyabiashara wa Nairobi" anayeililia Noah yako ya mwaka 2004 ana maswali ya kujibu. Mzambia au Mkongo mwenye haja ya kweli mara nyingi analichukua gari bandarini likiwa transiti, bila kodi ya Tanzania, anakamata njia ya Tunduma.

Wanunuzi wa kweli walio nje wapo, tena wengi. Ni ndugu zetu walioko Uingereza, Marekani, Uarabuni, wanaomnunulia mama gari la kwenda hospitali au mdogo wao gari la teksi ya mtandao. Hawa utawatambua haraka. Gari linabaki hapahapa. Anamtuma kaka yake na fundi wa Gerezani waje walikague, wanakaa saa nzima wamefungua boneti, na kaka mtu analia bei kama anayetoa mfukoni mwake. Ukimwomba mpige simu ya video anapokea. Yule mwingine yuko melini, mtandao mbovu, kamera imeharibika.

"Ameshanitumia SWIFT, karatasi ninayo kwenye simu"

Hii ndiyo inayowaliza watu wazima, wasomi, wenye akaunti za dola.

Karatasi yenyewe inatisha kwa uzuri. Juu kuna nembo ya benki kubwa ya London, chini yake jina lako lote bila kosa, namba ya akaunti yako, kiasi, tarehe ya leo, na maneno MT103. Wakati mwingine kuna na muhuri. Tapeli anajua kwamba mtu akiona jina lake limeandikwa kibenki, moyo unalainika.

MT103 ni jina la ujumbe ambao benki zilikuwa zikipelekeana kwa SWIFT, mtandao unaounganisha benki za dunia, pale mteja anapomtumia mtu hela. Hata ikiwa ya kweli kabisa, nakala yake inaonyesha kwamba agizo la kulipa limetolewa, basi. Fedha zinaweza kuwa bado zinapita kwenye benki za katikati, zinaweza kusimamishwa kwa ukaguzi, zinaweza kurudishwa. Na ikiwa ya uongo, kijana mwenye simu anaitengeneza kwa nusu saa. Zaidi ya hapo, SWIFT ilianza kuhamia kwenye mfumo mpya wa ujumbe Machi 2023, na kipindi cha kutumia ule wa zamani sambamba na mpya kwa malipo ya namna hii kilifungwa Novemba 2025. Kwa hiyo anayekurushia "MT103 ya leo asubuhi" ana jambo la kueleza.

La kufanya ni dogo. Kila muamala wa SWIFT una namba ya ufuatiliaji, inaitwa UETR, ina herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari vyake. Mwombe hiyo. Nenda nayo tawini kwako, mpe ofisa, aulizie hela iko wapi. Usipige namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi yenyewe, maana atakayepokea na kukuhakikishia kila kitu kwa sauti ya kibenki amekaa kiti kimoja na mnunuzi. Na kama tapeli anakwambia benki yako "imeizuia hela mpaka utume picha ya gari likiwa limepakiwa", ujue amechoka kubuni. Benki haifanyi hivyo.

"Salio limesoma, kwa hiyo hela ni yangu"

Inategemea imeingiaje. Hundi ikiingizwa kwenye akaunti yako unaweza kuiona kwenye salio kabla haijakubaliwa na benki iliyoitoa. Ya benki ya nje hutumwa huko ilikotoka ikakusanywe, na safari hiyo ni ya wiki kadhaa. Ikibainika ni ya kughushi, benki yako inakata ilichokuwekea, na kama umeshatumia, deni ni lako. Ndiyo maana matapeli wanapenda Ijumaa jioni: slipu ya kuwekea hundi inapigwa picha, unatumiwa, tawi limefungwa, na wakala tayari yuko getini na dereva.

TISS ni habari nyingine. Huo ni mfumo wa Benki Kuu ambao benki za hapa hulipana papo hapo, ulianza mwaka 2004, na malipo yakishakamilika humo hayarudishwi na aliyetuma kwa kubadili mawazo. Kwa ndugu wa diaspora, njia safi kuliko zote ni hela iende kwanza kwenye akaunti ya mtu wake aliyeko hapa, naye akulipe kwa TISS mkiwa mmeketi benki wote wawili.

Kuna na hali moja ambayo wauzaji wengi hawaifikirii. Hela inaweza kuwa ya kweli, imeingia kweli, lakini imeibwa kwenye akaunti ya kampuni fulani huko nje. Mwenye nayo akilalamika, benki yako inaweza kuishikilia wakati uchunguzi unaendelea. Jina la anayelipa likitofautiana na jina lililo kwenye mkataba wa mauziano, uliza kabla gari halijatoka. Huhitaji kuwa mpelelezi. "Kwa nini inatoka kwa kampuni ya samani ya Poland?" ni swali halali.

"Kakosea kanizidishia, kurudisha ndiyo uungwana"

Umekubaliana Harrier milioni 30. Karatasi inasema milioni 36. Anapiga simu, sauti ya upole: "Ndugu yangu, mhasibu wangu kachanganya, ameweka na ya wakala wa meli. Naomba hiyo milioni sita mtumie wakala leo, maana meli inaondoka kesho. Toa na laki mbili ya usumbufu wako." Hapo ndipo mchezo wote ulipo. Gari hawakuwahi kulitaka. Hata ufunguo hawana haja nao. Wanachotaka ni hiyo milioni sita, ambayo wewe unaitoa kwenye hela yako halisi, kwa njia isiyorudi, kwa namba ya simu ya mtu usiyemjua. Ile thelathini na sita haikuwahi kuwepo, au ilikuwa hundi ya kughushi.

Sote tunaijua ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii". Tunaicheka na kuifuta. Hii ni meseji ileile imevaa suti.

Uungwana una utaratibu wake. Mtu akizidisha kweli, nenda benki ueleze, na hela irudi kwenye akaunti ileile ilikotoka, kupitia benki, baada ya benki kuthibitisha kwamba imeingia kikamilifu. Kwa mtu wa tatu haiendi hata senti. Mnunuzi wa kweli atasubiri. Tapeli ataanza kupandisha sauti, na ukiona mwenye shida ya gari anakutishia kukushtaki kwa sababu hujamtumia wakala wake hela, umeshapata jibu.

"Kuna dalali katikati, yeye anamjua"

Dalali wa yadi anayejulikana, mwenye kijiwe chake Mwenge au Magomeni, ni jambo moja. Dalali aliyekukuta mtandaoni ni jingine. Mchezo wa siku hizi ni huu: anachukua picha za gari lako, analitangaza kwa bei ya chini kidogo, anampata mnunuzi halisi. Kwako anasema, "Anakuja mdogo wake bosi aliyeko Dubai, usimtajie bei, mimi na bosi tumeshamalizana." Kwa mnunuzi anasema, "Gari ni la shemeji yangu, kalitazame, ila usizungumze naye hela, ana matatizo ya familia." Mnakutana, mnaangalia gari, wote mmekaa kimya kwa heshima. Mnunuzi anatuma hela kwa dalali. Wewe unaendelea kusubiri ya Dubai. Halafu mnunuzi anadai gari lake, na mnaishia kituo cha polisi mkitazamana kama maadui.

Dawa yake ni kuvunja huo ukimya. Aliyekuja kukagua muulize palepale: wewe ni nani wake, unalipa nani, shilingi ngapi. Bei mtaje wote mbele ya gari. Dalali wa halali hatakasirika. Kamisheni yake iko palepale.

"SMS ya kupokea imeingia"

Angalia mtumaji. Ikitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, ifute. Hata ikionekana imetoka kwenye mtandao wako, piga menyu mwenyewe, *150*00# kwa M-Pesa, na utazame salio. Vivyo hivyo kwa barua pepe za "malipo yako yanasubiri": fungua akaunti yako kwa njia yako ya kawaida, usibonyeze kiungo alichokuletea yeye.

"Ukitoa namba ya akaunti umekwisha"

Hapana, hii ni hofu iliyopitiliza. Bila jina, namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT wa benki yako, ndugu yako wa Manchester hawezi kukulipa. Msimbo huo una herufi 8 au 11, na ya tano na ya sita kwa benki zetu ni TZ. Fomu za Ulaya zitamdai na IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa. Tanzania haitumii, anaandika namba ya akaunti ya kawaida. Visivyotoka ni PIN, nywila, tarakimu za nyuma ya kadi, na ile namba ya siri inayoingia kwa SMS, hata anayeiomba akisema ni ya "kuthibitisha muuzaji".

"Kadi ya gari ninayo mimi, gari hata likiondoka nitalipata"

Jaribu kulipata likiwa limefunguliwa vipande Shauri Moyo. Kadi iliyobaki kabatini haizuii gari kutembea, na mpaka umiliki uhamishwe TRA, faini za barabarani na maswali ya polisi vinakuja kwa jina lako. Kwa upande mwingine, usimtumie mtu picha safi ya kadi pamoja na kitambulisho chako cha NIDA kwa sababu tu amesema wakala wa meli anavihitaji. Picha hizo ndizo atakazomwonyesha mtu mwingine akijifanya wewe. Anayetaka kuhakiki kadi aje aione, au funika sehemu ya namba ya chasisi mpaka mkutane. Utaratibu ni ule wa siku zote: hela imethibitishwa na benki, mkataba umesainiwa mbele ya wakili, umiliki unahamishwa, ufunguo unatoka. Kwa mpangilio huo.

"Ukishapigwa, basi"

Saa za kwanza zina thamani. Piga benki yako au mtandao wako wa simu kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote, uombe muamala uzuiwe. Hela ikiwa bado haijatolewa kuna nafasi. Kisha polisi, ukiwa na meseji zote, karatasi zote, namba zote. Usifute chochote kwa aibu, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaugusa udanganyifu wa namna hii na hizo meseji ndizo ushahidi wako. Namba ya tapeli itume 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Na wiki inayofuata akikupigia mtu anayejiita ofisa wa kurejesha fedha, mwenye majina yako na kiasi ulichopoteza, anayetaka laki moja ya kufungua jalada, huyo ni yuleyule au mwenzake. Kufungua jalada polisi hakulipiwi.